Maiki Iliyonyeshewa

Jumatatu, 3 Machi

Paa la studio limevuja. Si kwamba hatukujua. Doa la rangi ya chai lilikuwa pale darini tangu mvua za mwaka jana, na kila nikilitazama nilikuwa najiambia nitamwita fundi bati wiki ijayo. Leo asubuhi nimefungua mlango, nimekanyaga zulia, likatoa maji kama sponji. Maiki ilikuwa imesimama palepale kwenye stendi yake, na maji yanaidondokea utosini, tone baada ya tone, kama mtu aliyesimamishwa nje kwa adhabu.

Nilimwita baba mkwe. Nikamwita tena. Mwishowe nikaenda mpaka sebuleni, nikasimama mbele yake.

"Baba, maiki imelowa!"

Alivua viatu, akaingia studio akipiga maji kwa nyayo, akaichomoa maiki na kwenda nayo mezani kwake akiwa ameifunga kwa shati lake mwenyewe. Mama mkwe alimtazama akipita kifua wazi, akauliza kama ndiyo mtindo mpya.

Naandika haya kwa sababu mume wangu yuko safarini na lori, na huko aliko simu leo inashika, kesho haishiki. Nikilala na siku nzima kifuani bila kumwambia mtu, naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Basi mambo yetu ni haya. Studio ni vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wakwe zangu. Baba mkwe aliijenga alipostaafu redioni, alikokuwa fundi mitambo tangu ujana wake. Mimi nasoma chumba cha ndani; yeye anarekodi upande wa pili wa kioo. Tunapokea matangazo ya maduka, kwaya, mtu yeyote mwenye la kusema. Lakini kinachotuweka hai ni shule ya wasioona, ambayo inataka vitabu vya masomo kwa sauti. Muhula huu ni historia na biolojia, na vyote vinatakiwa kabla shule haijafunguliwa mwanzoni mwa Mei. Maiki nzuri tunayo moja tu. Ndiyo hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Maiki imezikwa kwenye ndoo ya mchele ili inyonywe unyevu. Mama mkwe ameuliza sisi tutakula nini, sponji?

Jumamosi, 8 Machi

Leo ameifungua. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akapanga bisibisi zake ndogo za fundi saa, akawasha chuma cha lehemu, kisha akaniita nikae karibu. Ndani ya maiki kuna kitu cha mviringo kama sarafu, na juu yake utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Huo utando ndio unaotikisika mtu akisema.

"Usiuguse, usiupumulie, wala usiuwazie mabaya," alisema.

Alinisimulia tena jinsi alivyoipata. Redioni walipobadilisha mitambo walitaka kuitupa, naye akaomba wampe hiyo badala ya zawadi ya kustaafu. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, na kila mara wakubwa wa redio wanazidi kuwa wajinga.

Mwanzo maiki ilikuwa inavuma, mvumo mzito kama friji kuukuu. Akachomoa waya huu, akalehemu pale, akapuliza, akarudisha. Mvumo ukakatika kabisa. Alipiga makofi peke yake.

"Imepona!"

Nikavaa hedifoni. Kweli mvumo haukuwepo. Ila nyuma, mbali, kulikuwa na mlio mwembamba, kama mafuta yanaanza kupata moto kikaangoni.

"Baba, kuna kitu kinakaangika."

"Wapi?" Akazivaa yeye, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo. "Hakuna kitu, mkwe. Ni hedifoni zako hizo, zimechoka. Maiki iko kimya kama kaburi."

Nikamwamini. Nilipoolewa katika nyumba hii nilikuwa sijui hata maiki inasemewa upande gani. Yote ninayoyajua kuhusu sauti nimefundishwa na huyu mzee.

Jumatano, 12 Machi

Tumerekodi historia mpaka koo limekauka. Mvua ikizidi tunasimama, ikipungua tunaendelea. Bati halina adabu.

Jumatatu, 17 Machi

Nahariri kwenye kompyuta, na ule mlio upo. Upo nyuma ya kila neno. Nikiupunguza kwa programu, herufi S zote zinakuwa za mtu asiye na meno. Nikiuacha, historia nzima ya dunia inasimuliwa kando ya kikaango.

Nimemwambia tena. Ameniambia ninunue hedifoni.

Jumanne, 18 Machi

Nimenunua hedifoni. Mlio unasikika vizuri zaidi.

Ijumaa, 21 Machi

Mwalimu wa shule ya wasioona amepiga simu. Ndiye anayezipokea kazi zetu. Naye haoni, na kila dakika tunayorekodi anaisikiliza mwenyewe kabla haijamfikia mwanafunzi.

"Dada, nani anakaanga nyuma yako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mtu anayeona, sauti ikimchosha, anafungua kitabu akasoma. Wanafunzi wangu wakichoka watakwenda wapi? Sura moja wanairudia mpaka waishike. Huo mlio watakuwa nao kichwani muhula mzima."

Amezirudisha sura zote. Nimekaa jikoni na simu mkononi, mama mkwe akiosha vyombo na mimi nikitazama maji. Koo langu limefanya kazi ya bure.

Nilipomweleza baba mkwe alinuna. "Huyo mwalimu ana masikio ya popo," akasema, akaenda kufungua maiki mara ya pili.

Jumanne, 25 Machi

Amebadilisha kipande kimoja, akasafisha waya, akafunga. Ilimchukua siku zote hizi, kwa sababu mikono nayo si ile ya zamani. Kisha akanipa hedifoni, akanitazama usoni kama mtoto anayesubiri kusomewa matokeo.

Mlio uko palepale.

"Sasa je?"

"Afadhali," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni uchovu. Ilikuwa jioni, nguo zimejaa sebuleni hazikauki, na sikuwa na nguvu ya kuuona uso wake ukianguka.

Jumamosi, 29 Machi

Leo Mwalimu amekuja mwenyewe. Ameshushwa getini na teksi, akaja na fimbo yake akigonga ukuta taratibu, suruali imelowa mpaka magotini. Baba mkwe alimpokea kwa heshima zote, akamkalisha kwenye kiti chake yeye, akamwekea kipande tulichorekodi juzi.

"Sikiliza, Mwalimu. Safi kama maji ya chupa!"

Akaongeza sauti. Mimi nikajisikia nikisoma habari za misafara ya kale huku kikaango kikichemka chumba kizima. Baba mkwe alikuwa ametulia, mikono tumboni, anatabasamu. Nikafikiri: mzee huyu ni mbishi kiasi gani? Anatufanya sote wajinga ili tu asikubali kwamba ameshindwa.

Ndipo saa ya Mwalimu ikalia. Amevaa ile ya kusema, ambayo kila ifikapo saa kamili inatoa mlio mkali, pii, pii, kabla haijataja wakati. Mkono wake ulikuwa mezani, karibu kabisa na mkono wa baba mkwe. Mimi nilishtuka kwenye kiti. Baba mkwe hata kope haikutikisika. Alikuwa bado anatikisa kichwa kufuata sauti yangu.

Mwalimu akageuza uso wake kumwelekea, akakaa hivyo kidogo.

"Ni kazi ya mikono mizuri, mzee," akasema. "Nipe siku chache."

Nilimsindikiza getini chini ya mwavuli. Tuliposimama kungoja teksi akauliza, "Hajui?"

"Hajui nini?" Ingawa nilishajua anachouliza. Nilikuwa nimekijua kwa dakika kumi tu, na tayari kilikuwa kizito.

"Si kazi yangu kumwambia," akasema. "Lakini nikueleze kitu. Macho yangu yalipoanza kuondoka, watu wote nyumbani walijua kabla yangu. Walikuwa wananiondolea viti njiani nisijikwae. Mimi nikadhani bado naona vizuri. Macho hayakuwa na kosa, yaliugua tu. Ila vile viti, dada, vilinichukua muda mrefu sana kuvisamehe."

Teksi ikaja. Nimerudi ndani nimelowa upande mmoja.

Jumapili, 30 Machi

Nimemuuliza mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele, ule ule wa ndoo.

"Mama, baba anasikia vizuri?"

Aliendelea kuchambua. "Unadhani kwa nini siku hizi sina siri na mume wangu? Siri inasemwa chini chini. Nikimsemesha chini chini ananijibu kuhusu hali ya hewa."

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa simu. Halafu birika likichemka. Halafu mimi. Sauti nzito za wanaume anazipata, lakini sauti yangu ni nyembamba tangu nizaliwe." Akatupa kokoto nje ya dirisha. "Mwanangu, mwache. Ile studio ndiyo inayomwamsha asubuhi. Ukimwambia, unataka akae hapa na mimi kutwa nzima? Mimi nimekukosea nini?"

Tukacheka sote wawili. Nilikuwa namfikiria mzee kuwa mbishi. Kumbe alikuwa anatuambia ukweli wake: kwake yeye maiki ile iko kimya.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kichwa kinauma. Sijamwambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya jambo ambalo silipendi. Baba mkwe alikwenda zahanati kupimwa presha, mama mkwe akamsindikiza. Nikaifunga maiki kwenye taulo, nikaenda nayo mjini kwa fundi mmoja wa vyombo vya muziki ambaye watu wanamwita Waya. Ana kibanda chembamba kati ya kinyozi na duka la viatu, spika zimepangwa mpaka darini. Ni mtu mnene, ana sauti ya kutoka tumboni.

Aliigeuza maiki mkononi, akaniangalia. "Hii umeipata wapi?"

Nikamwambia ni ya baba mkwe, ina mlio mwembamba kama wa kukaanga, naye asijue kwamba nimeileta.

"Njoo Jumatatu, dada," akasema, kwa namna ya kusitasita ambayo sikuielewa.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Waya ataitengeneza, nitairudisha mahali pake, mzee ataendelea kudhani aliitengeneza mwenyewe, Mwalimu atapata vitabu vyake. Kila mtu atakuwa salama.

Jumatatu, 7 Aprili

Waya anasema kesho.

Ijumaa, 11 Aprili

Waya anasema kesho.

Jumanne, 15 Aprili

Kesho.

Na leo baba mkwe ameiulizia maiki. Nimemwambia nimeifungia kabatini kwangu, unyevu usiipate tena mpaka fundi bati amalize paa. Fundi bati mwenyewe amepanda mara moja, akateremka, akasema paa ni bovu, akaondoka. Hilo hata mimi nilikuwa nalijua.

"Umefanya vema," baba mkwe ameniambia. "Wewe unaijali kuliko hata mwanangu." Akanigusa bega.

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 19 Aprili

Asubuhi tulikuwa barazani tunakunywa chai, mvua imepumzika. Geti likagongwa. Akaingia Waya, amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vilivyopakwa rangi, mkononi ana taulo langu.

"Chifu!" akaita.

Baba mkwe akamtazama, kisha akafunua mikono. "Waya! Wewe bado uko hai?"

Kumbe Waya aliwahi kuwa chini yake redioni, kijana wa kushika taa na kukunja nyaya, na jina hilo la Waya alipewa na baba mkwe mwenyewe. Wakakumbatiana, wakapigana mgongoni. Kisha Waya akaweka taulo mezani, katikati ya vikombe.

"Chifu, nisamehe nimekaa nayo muda mrefu. Nilipoifungua nikaiona lehemu yako mle ndani, nikafunga. Nimejaribu tena wiki hii nikashindwa. Mimi ni nani nipite juu ya mkono wako? Shemeji alisema ina mlio, usijue, lakini nimeona nikimrudishia yeye kwa kificho nitakuwa nimekudharau. Nimekuja kukurudishia wewe."

Baba mkwe aliisikia kila silabi. Sauti ya Waya ni katika zile anazozipata.

Alifunua taulo pole pole, akaitazama maiki. Mama mkwe akainuka na birika lililokuwa na chai bado, akaenda jikoni kuchemsha maji.

"Ina mlio," baba mkwe akasema, bila kumtazama mtu. Kisha akanigeukia mimi. "Uliniambia afadhali."

Hilo tu. Akaingia ndani na maiki yake. Waya alibaki amesimama na mikono mitupu, akaniuliza, "Shemeji, nimeharibu?" Nikamwambia la, nimeharibu mimi, akae anywe chai. Alikunywa haraka akaondoka.

Jumapili, 20 Aprili

Hasemi na mimi. Salamu yangu anaipokea kwa kichwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Anakula chumbani. Studio imefungwa. Mwalimu amepiga simu, sikupokea. Ni mara ya kwanza tangu niolewe nyumba hii iko kimya na si kwa sababu tunarekodi.

Jioni mume wangu amepatikana. Nilimwaga yote kwa mkupuo, mpaka nikasikia anapaki lori pembeni ili anisikilize.

"Yaani hasikii?" akauliza.

"Baadhi ya sauti. Za simu hasa."

"Mimi nilidhani ananipuuza," akasema. "Nikimpigia namuuliza hili, ananijibu lile, anakata. Nimekuwa nikidhani bado ana kinyongo nami kwa kuacha ufundi nikafuata malori. Nikapunguza kupiga." Akakohoa. "Mwambie. Usimwambie kwa niaba yangu. Mwambie tu."

Jumatano, 23 Aprili

Nimemwambia.

Nilimkuta barazani asubuhi, amekaa anatazama dimbwi la uani. Sikukaa pembeni yake kama kawaida. Nilivuta kigoda nikakaa mbele yake, goti kwa goti, aone mdomo wangu. Mkwe hakai hivyo na baba mkwe, najua. Nikateremsha sauti yangu mpaka chini kabisa, ile ninayoitumia kusoma matangazo ya vifo.

"Baba, mlio upo. Ulikuwepo tangu ulipoitoa maiki kwenye mchele."

Alinitazama mdomo. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Na wewe ndiye peke yako unayeusikia?"

"Kila mtu, baba."

"Na huyo?" Akaelekeza kidevu jikoni.

"Hata mama."

Nilitamani aseme chochote, hata anifukuze.

"Siku ile Mwalimu alipokuja," akasema. "Alinigeuzia uso ghafla. Nikajiuliza nimesema nini kibaya. Kuna kitu kililia?"

"Saa yake. Ililia karibu na mkono wako."

Akautazama mkono wake kama vile utamjibu.

"Mimi nilikuwa nawaona mnaongea chini chini," akasema. "Wewe na mama yako jikoni. Watu dukani. Nilidhani mnanisema. Nikawa nasema, sawa, wacha wanisengenye, nimezeeka, sina la kuwafanya." Akajipangusa uso kwa kiganja, kutoka paji mpaka kidevu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka kukuumiza."

"Ungeniambia ningekasirika!" Sasa alipaza sauti, mpaka mama mkwe akachungulia dirishani. "Ningekasirika, ningesusa chakula, ningewagombeza wote. Halafu ningekaa nikatafuta njia. Mimi ni fundi, mkwe! Kitu kikiharibika natafuta njia. Nyinyi mmenificha kitu kilichoharibika mwaka mzima, halafu mnasema mnanipenda."

Nililia, na nilichoka hata kulia. Yeye hakunibembeleza. Tulikaa tu pale goti kwa goti, yeye anatazama dimbwi na mimi natazama viatu vyake, mpaka mvua ikaturudisha ndani.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakutoka chumbani. Mama mkwe amesema amelala kifudifudi kutwa. Jioni nikamsikia mama mkwe anamwambia jambo kwa sauti kubwa sana, polepole, kila neno peke yake. Sikusikiliza ni nini. Nilifunga mlango wangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi nimekuta mlango wa studio wazi. Yuko mezani, kitambaa cheupe kimetandikwa, maiki iko wazi, na mkononi ana mrija wa soda.

"Vaa hedifoni," akasema. Hakuniamkua wala hakunipa nafasi ya kuamkua. "Kaa hapa mbele yangu nikuone. Mlio ukizidi, inua mkono. Ukipungua, ushushe. Na usiniambie afadhali."

Nikakaa. Akaweka ncha ya mrija karibu na waya mmoja ndani ya maiki, akapuliza pumzi ya joto, kidogo sana, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kisha akanitazama. Hakuna kilichobadilika. Nikatikisa kichwa. Akasogea kwenye kipande kinachofuata, akapuliza. Hapana. Kingine. Hapana.

Tulifanya hivyo asubuhi nzima. Mama mkwe alileta chai, akatuona, mzee anapulizia chuma kwa mrija na mimi nimeinua kiganja hewani kama askari wa barabarani, akaiweka chini akaondoka bila kusema kitu, jambo ambalo kwake si dogo.

Mchana alifika kwenye kipande kidogo cha mwisho, chini kabisa ya ule utando, mahali alipolehemu siku ile ya kwanza. Akapuliza. Masikioni mwangu kikaango kiliwaka moto. Mkono wangu uliruka wenyewe.

"Hapo!"

"Hapa?"

"Hapo hapo, baba."

Akapuliza tena kuhakikisha. Mkono juu. Akaegemea kiti, akacheka kicheko kisicho na furaha sana.

"Ni kidole changu hiki," akasema, akinionyesha cha shahada. "Siku ile niliishika bila kitambaa. Jasho limebaki, linavuta unyevu, umeme unavuja. Kosa la siku ya kwanza kazini. Ningeusikia mlio ningejua palepale."

Akasugua pale kwa brashi na spiriti, akafuta, akasugua tena. Akamwita mama mkwe alete mashine yake ya kukaushia nywele. Akapuliza joto taratibu kwa umbali, huku macho yake yako kwenye mkono wangu tu. Nami nikausikia mlio ukinywea, ukiwa mwembamba, ukiwa mbali, mpaka pakabaki kimya cha kweli. Nilisikia damu yangu mwenyewe. Nilipotazama, mkono wangu ulikuwa umelala mezani.

"Umekwisha?" akauliza.

Sikuthubutu kujibu haraka. Nilisikiliza tena, nikampa na mama mkwe hedifoni asikilize. Mama mkwe akazivaa juu ya kilemba, akakunja uso, akapiga kelele kama kawaida ya aliyevaa hedifoni:

"HAKUNA KITU!"

Hilo baba mkwe alilisikia mwenyewe.

Jumatatu, 28 Aprili

Baba mkwe amempigia simu Mwalimu. Nilikuwa karibu. Hakuzunguka: "Mwalimu, masikio yangu yamepungua. Nilikuwa sijui. Sasa mkwe wangu atakaa kwenye mitambo na mimi nitakaa naye." Sikusikia alichojibiwa. Sijui kama yeye alikisikia pia, maana alisema "asante" mara tatu kisha akakata.

Baadaye Mwalimu alinipigia mimi. Historia bado anaisubiri kwetu, hata ikipita siku chache baada ya shule kufunguliwa. Biolojia ilibidi aipeleke studio nyingine, asingeweza kungoja zaidi. Alisema pole. Nilimwambia ana haki, na kweli anayo.

Ijumaa, 2 Mei

Kusoma, kusikiliza, kuhariri. Nasoma, natoka, nazunguka kioo, nasikiliza, narudi. Miguu.

Jumanne, 6 Mei

Hospitali wamempima masikio. Amewekwa ndani ya kachumba kadogo, akaambiwa abonyeze kitufe akisikia mlio. Mama mkwe anasema alikaa muda mrefu bila kubonyeza, na alipotoka alilalamika kwamba kachumba kao kamejengwa vibaya, sauti ya nje inaingia. Vifaa vya masikio vitakuja baada ya wiki kadhaa. Ameshasema vitakuwa vya ovyo.

Fundi bati amerudi, mvua zikiwa zimeisha.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimemaliza sura ya mwisho ya historia. Mwalimu ameshasikia zilizotangulia na ujumbe wake ulikuwa neno moja: "Safi." Nimezima mashine, nikakaa chumba cha kusomea nimeegemeza kichwa ukutani. Mwili wote unauma, kama mtu aliyehama nyumba.

Baba mkwe akaingia. Huwa haingii upande huu. Siku zote yeye ni uso nyuma ya kioo. Alikuwa na kigoda mkononi. Akakitazama kile kitabu kilichofunguka mapajani mwangu.

"Mkwe, nikuulize kitu. Hiki kitabu kinasema nini?"

Nilidhani sikumwelewa. "Si umerekodi nami karibu chote, baba? Na cha mwaka jana."

"Nilikuwa naangalia sindano." Akaonyesha kwa kidole, huku na huku, jinsi sindano ya mtambo inavyocheza mtu akisema. "Ikipanda sana napunguza, ikishuka naongeza. Kupitia kioo na zile hedifoni napata sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Nilijua unasoma vizuri kwa sababu sindano ilikuwa inacheza vizuri. Lakini ulichokuwa unasoma sikijui, huu mwaka wa pili."

Alisema hivyo bila kujionea huruma, kama anayetoa taarifa ya mtambo. Kisha akaweka kigoda chini, mbele yangu, karibu, goti kwa goti, akakaa, akakunja mikono.

Koo langu lilikuwa limekwisha. Sauti iliyobaki ilikuwa nzito na ya kukwaruza, na jikoni mama mkwe alikuwa anatuita tukale. Nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Taratibu," akasema. "Nikikukatisha usikasirike."

Nikaanza. Sijafika mwisho wa aya ya pili alinikatisha, akasema hapo mwandishi amekosea, mambo hayakuwa hivyo hata kidogo, nirudie. Nikarudia.